Aliyemfikisha Maua

Sogeeni karibu, mkubwa kwa mdogo, maana hadithi hii haipendi kupigiwa kelele. Mwisho wake haujulikani bado, umeachiwa wanaoisikiliza. Ila shikeni majina vizuri, kwa kuwa ni hadithi ya jina, na atakayeyachanganya majina hataweza kutoa hukumu.

Katika mji wa Muheza, upande wa juu wa reli, walikuwapo wasichana watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Siwema binti Abedi Mngoya. Kipaji chake kilikuwa kutoogopa. Mbwa waliowakimbiza watoto wengine mpaka majumbani kwao, Siwema aliwaita kwa majina, nao wakaja wakitikisa mikia.

Wa pili ni Kibibi binti Rajabu Sempombe. Huyu kipaji chake kilikuwa kuomba. Aliweza kukataliwa asubuhi akarudi kuomba jioni kwa uso ule ule na sauti ile ile, bila kununa na bila kujipendekeza.

Wa tatu ni Sauda binti Hatibu Kilua, na kipaji chake kilikuwa kushika neno. Ukimwambia Sauda asimame hapa, ukaenda zako sokoni ukarudi, ungemkuta hapa.

Wote watatu walikuwa na rafiki mmoja, Maua binti Sefu Kihiyo, mtoto wa pekee wa fundi cherehani Mwantumu binti Kombo. Maua alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuwa na ujasiri wa Siwema, wala ulimi wa Kibibi, wala uthabiti wa Sauda. Alikuwa na jambo moja tu: kila aliyekaa naye aliondoka akiamini kwamba yeye ndiye rafiki yake mkubwa.

Siku za shule, wakishakula na kuoga, wote wanne walikusanyika jioni barazani kwa Mwantumu kucheza mdako. Walichimba kishimo, wakakijaza vijiwe, na kila mmoja akarusha na kudaka kwa zamu yake. Mwantumu, akiwa ndani kwenye cherehani, aliwasikia.

"Siwema, umeanguka! Toa mkono."

"Sijaanguka. Kijiwe kimepepesuka."

"Kimekunywa pombe ya nani?"

"Ya babu yako!"

Hapo kicheko cha Maua kilipanda juu ya vicheko vya wenzake, na Mwantumu akatabasamu peke yake. Lakini giza likiingia alisimamisha gurudumu akaita, "Maua! Kesho shule. Kila mtu kwao."

"Bado kidogo, mama."

"Kidogo chako kina mkia mrefu. Ingia ndani."

Hiyo ndiyo mipaka aliyoweka wakati ule, na hakuna mzazi wa mtaa ule aliyeiona kuwa mikali. Wengine walisema Mwantumu analegeza mno.

Kipupwe kilipoingia, Maua alianza kuchoka. Alitoka shuleni akakaa kwenye gogo njiani, wenzake wakamsubiri. Kisha miguu ikavimba. Mwantumu alimpeleka hospitali ya wilaya, na Daktari Semboja akamsikiliza kifua muda mrefu, akahamisha kile chombo chake hapa na pale kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Alisema moyo wa mtoto una mlango mmoja usiofunga sawasawa. Akatoa dawa. Akasema mtoto apumzike, asichoshwe.

Halafu akamtoa Mwantumu nje, chini ya mapaa ya jengo, akamtazama tumbo lililokuwa linaanza kuonekana.

"Unatarajia lini, mama?"

"Mvua za vuli zikielekea kwisha, inshallah."

Daktari alikunja kile chombo chake. "Sitaki kukudanganya. Usimwahidi huyu binti kwamba atamwona mdogo wake."

Mwantumu hakumwambia mtu maneno hayo ila mumewe Sefu, ambaye alifanya kazi ya kutengeneza reli na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Lakini Maua alikuwa na macho. Alimtazama mama yake akitoka chini ya yale mapaa, na njiani akasema jambo moja tu: "Mimi nitamsubiri huyo mtoto, mama. Nimekaa peke yangu miaka yote hii. Siwezi kuondoka kabla hajaja."

Basi Mwantumu akaweka sheria. Toka Jumatatu mpaka Alhamisi hakuna rafiki kuingia, hakuna mdako, hakuna soga za jioni. Wenzake wana shule, na Maua ana moyo wa kutunza. Ijumaa baada ya Alasiri, na Jumamosi, na Jumapili, waje, wakae kwa adabu, giza likiingia waondoke.

Daktari alikuwa amesema apumzike. Kwamba asiwe na wenzake hakusema. Sehemu hiyo aliiongeza Mwantumu mwenyewe, kwa sababu alikuwa akiogopa, na mtu anayeogopa hufunga kila mlango anaoufikia.

Maua hakubisha. Aligeukia ukutani tu.

Sasa sikilizeni kila mmoja wa wale watatu alifanya nini.

Siwema alisikia sheria, akaenda kuutazama ua wa nyuma. Ulikuwa wa michongoma. Siku ya Jumatatu iliyofuata alipenya chini yake, akachanika magoti, akakaa chini ya dirisha la Maua. Akaanza kumwigiza mwalimu mkuu anavyotafuta miwani aliyoivaa, na mama wa maandazi anavyogombana na inzi. Mwantumu, kwenye cherehani, alisikia kicheko cha mwanawe, kile kile kilichopanda juu. Alisimamisha gurudumu. Kicheko kikakoma. Alikaa pale, kitambaa mkononi, akijua sawasawa kilichopo nyuma ya nyumba yake. Kisha akaanza tena kukanyaga, kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka, ili asisikie.

Ikawa hivyo siku nyingi. Mpaka Jumatano moja kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi kikamnyima pumzi. Mwantumu akakimbilia chumbani, akamwinua Maua, akamgonga mgongo, midomo ya mtoto imekuwa ya bluu. Alipopata pumzi, Mwantumu alitoka nje akamshika Siwema mkono.

"Unataka kuniulia mwanangu? Sema! Ndiyo mapenzi hayo?"

Alimburuta mpaka kwa baba yake, na Mzee Abedi hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Mtaa mzima ulisikia fimbo.

Siku ya pili yake Mwantumu alikwenda kuanua nguo, akamkuta Siwema pale pale chini ya dirisha, amejiegemeza upande mmoja kwa sababu hawezi kukaa vizuri.

"Wewe mtoto huna masikio?"

"Ninayo, Mama Maua. Shikamoo. Leo simchekeshi. Leo nimekaa tu, ajue kuna mtu."

Mwantumu alisimama na kanga zake begani. Hakumfukuza. Aliingia ndani.

Kibibi hakupita uani. Alikuja mlango wa mbele, tangu Jumatatu ile ya kwanza.

"Hodi hapa."

"Karibu. Leo siku gani, Kibibi?"

"Jumatatu."

"Basi unajua jibu."

"Najua, Mama. Nimekuja kuangalia kama umebadilika."

Mwantumu alicheka bila kutaka. Akamrudisha. Jumanne Kibibi akaja, Jumatano akaja, akakataliwa kwa maneno yale yale. Alhamisi akasema, "Basi kama siwezi kuingia kwake, nipe kazi. Kazi nayo imekatazwa?"

Tumbo la Mwantumu lilikuwa limeanza kuwa zito, na sare za shule zilikuwa zimejaa kitandani zikisubiri vifungo. Akampa pasi ajaze mkaa. Jumatatu ya pili akampa mihogo amenye. Kibibi akawa anakuja kila jioni: anapepea mkaa, anakosha vyombo, anafagia vipande vya vitambaa, na kati yake na Maua pana pazia tu, naye hakulifunua hata mara moja. Akimaliza alisema, "Mama, pasi nimeiweka, ugali nitausonga mimi. Nenda kakae na mgonjwa wako."

Na Mwantumu akaenda. Akakaa kitandani, akaichukua miguu ya mwanawe mapajani akaikanda. Walizungumza mambo ambayo mama na mtoto hawayazungumzi kazi ikiwa imemkalia mama kichwani. Maua alimwuliza siku aliyozaliwa yeye mvua ilinyesha au haikunyesha. Alimwuliza kama alikuwa akiogopa giza alipokuwa mdogo. Jioni hizo Mwantumu hakuzinunua kwa mtu. Alipewa na Kibibi binti Rajabu, aliyekuwa akikoroga ugali upande wa pili wa pazia.

Sauda hakuja kabisa. Aliambiwa asije toka Jumatatu mpaka Alhamisi, naye hakuja. Akitoka shuleni alipita njia ya chini, asije akaiona nyumba miguu ikamgeuza. Wasichana wengine walimwita mdakoni, akakataa. Alisema zamu ya Maua haijapita. Walimzomea. "Mtakatifu! Kaa na zamu yako!" Akakaa nayo.

Lakini Ijumaa, mwadhini akishanyamaza na watu wakishatoka katika Alasiri, Sauda alikuwa mlangoni, amefunga mtandio vizuri, na juma zima amelibeba kichwani. Alimsimulia Maua siku moja moja kwa mpangilio wake: Jumatatu nani alichapwa, Jumanne mwalimu alifundisha nini ubaoni, Jumatano mbuzi wa nani aliingia darasani akala chaki, Alhamisi ilinyesha tukaimba. Hakuongeza chumvi. Maua alifumba macho akawa yupo darasani. Nusu ya habari hizo Siwema alikuwa amekwisha kuzileta chini ya dirisha, zimepinda kwa mzaha, lakini Maua alizisikiliza kwa Sauda kama mpya, maana huku zilikuwa zimenyooka.

Usiku mmoja wa juma pumzi ilipombana Maua, Mwantumu alimkumbatia akisoma kila dua aliyoijua. Mtoto akasema kwa kukatakata, "Usilie, mama. Siwezi kwenda leo. Sijasikia ya Sauda." Alfajiri pumzi ikarudi.

Kipupwe kikapita. Vuli ikanyesha, ikaelekea kwisha. Daktari Semboja alimpima tena, akamtazama Mwantumu, akatikisa kichwa kwa mshangao, si kwa huzuni. "Sijui mnampa nini huko nyumbani," alisema. "Endeleeni kumpa."

Mwantumu akajifungua mtoto wa kike. Walipomleta nyumbani walimlaza kifuani kwa Maua, na Maua akakishika kiganja chake akakigeuza, akakikagua.

"Mama, kiganja hiki si cha mtu. Hiki cha panya buku."

"Hebu niache na panya wako."

"Atacheza mdako vibaya huyu. Hakiwezi kubeba hata kijiwe kimoja." Akamnusa utosi. Akakaa naye mpaka wakati wa taa kuwashwa, hataki kumwachia. Kisha akasema, "Mama, nakuomba kitu. Msimwite jina langu, litawaliza. Mpeni jina la rafiki yangu. Yule aliyenifikisha mpaka leo."

Mtakumbuka kwamba kwa watu wa pale jina halitolewi bure. Mtoto akipewa jina la mtu, wale wawili huitana somo maisha yao yote. Somo humletea somo wake nguo ya Idi, humsimamia arusini, humlilia kama ndugu wa tumbo moja. Ndiyo kusema Maua alikuwa anampa mmoja wa wale watatu undugu wake.

"Yupi?" akauliza Mwantumu.

Maua alivuta pumzi aanze kusema, na pumzi ikakwama, akakohoa. Mwantumu akamchukua mtoto mchanga upesi, akamlaza Maua juu ya mito, akamfunika.

"Basi, basi. Umezungumza sana leo. Pumzika. Utaniambia kesho."

Maua alimtazama mama yake, akatii.

Asubuhi, Sefu alipoingia na maji ya uvuguvugu ya kumnawisha, alimkuta Maua amelala kwa upande, mkono mmoja umenyooka kuelekea alipokuwa amelazwa mdogo wake. Akaliweka beseni chini polepole sana, kana kwamba anaogopa mtu asije akaamka.

Walimzika baada ya Adhuhuri.

Desturi haisubiri machozi yakauke. Siku ya saba tangu mtoto kuzaliwa ilifika matanga yakiwa bado hayajaanuliwa. Mkeka wa msiba na mkeka wa akika ukawa ni mkeka mmoja. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaja na wembe wa kumnyoa mtoto nywele za tumboni. Wanawake wakajaa ndani. Na wale wasichana watatu wakaja, maana habari ya usia ilikuwa imekwisha kuenea, wakakaa mlangoni, mmoja mmoja, bila kugusana.

Wifi yake Mwantumu, Bi Mwanamkuu binti Kihiyo, alikuwa wa kwanza kusema, kama kawaida yake. "Wifi, mbona jambo lenyewe jepesi? Sauda! Ndiye aliyekusikiliza. Ukimpa jina huyu aliyepita uani, kesho watoto wote wa mtaa watapita uani. Mzazi ataweka sheria, nao watauliza, utanipa nini nikiivunja?"

"Sheria ilikuwa ya nani?" akajibu mama yake Siwema, ambaye hakuwa mwoga kuliko bintiye. "Ya daktari? Marehemu alikuwa anakufa kwa upweke mle ndani, mwanangu akachanika magoti, akala fimbo, akarudi. Nyinyi mnampima kwa adabu?"

"Alimkohoza!"

"Alimchekesha!"

Mama mmoja mzee wa jirani alisema kwa upole, "Kibibi ndiye aliyefanya kazi. Hawa wengine walikwenda kwa Maua kwa kuwa walimtaka. Kibibi alikaa jikoni asimwone, ili mama yake amwone. Mwenzangu, mnalijua hilo ni jambo gani?"

Mwantumu alikuwa na mtoto mapajani. Aliwaita wale wasichana wasogee, wasimame mbele yake.

"Haya. Semeni nyinyi. Yeye alimkusudia nani?"

Siwema alisema hapo hapo, "Mimi." Kisha akamsogelea Mwantumu. "Mimi, Mama. Kila siku aliniambia, Siwema kesho uje. Nani mwingine alimwambia kesho uje?"

Kibibi alisema, "Ukimpa Siwema sitakasirika. Ila mara moja aliniita kupitia pazia. Aliniambia, Kibibi, mama anapokuja kukaa hapa najua ni wewe uliyemleta." Akafuta pua kwa kanga. "Sikumjibu. Niliogopa utasema nimezungumza naye siku ya kazi."

Sauda alikunja ncha ya mtandio wake. "Mimi sijui kama ni mimi," alisema. "Mimi nilikaa mbali kwa sababu uliniambia nikae mbali. Siku zote zile, Mama. Nilizihesabu zote, nikasema nikitii atapona." Ndipo akalia, sauti ikamtoka kama ya mtoto mdogo. "Kama hukutaka tutii, ungetuambia."

Hata Bi Mwanamkuu alitazama chini.

Sefu aliitwa kutoka nje. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema, "Usia ni wa mama na binti yake. Mimi nitaita jina lolote mtakalonipa," akarudi nje, kwa sababu hakuweza kusimama zaidi.

Mwantumu akawatazama mmoja baada ya mmoja, na aliyaona ambayo wale wanawake hawakuyasema.

Aliona kwamba akimwita mtoto Siwema, atakuwa amekiri kila siku ya maisha yake, kila atakapomwita aje kula, kwamba ile sheria ilikuwa mbaya, na kwamba alimtenga mwanawe na furaha katika siku zilizobaki. Akimwita Sauda, atakuwa amesema sheria ilikuwa njema, na atajificha nyuma ya jina hilo, naye atajua kwamba anajificha. Akimwita Kibibi, mtu atasema mama amejipendelea, amemtunza aliyemsaidia yeye kazi. Na akikataa majina yote matatu atakuwa amemnyima Maua kitu pekee alichoomba, baada ya kumnyima nafasi ya kukitaja.

Maana alikumbuka. Mtoto alikuwa amefungua kinywa, na yeye ndiye aliyemwambia pumzika.

Mwalimu wa chuo alikuwa amemaliza kunyoa. Alimpokea mtoto mikononi, akainamisha kichwa hadi karibu na sikio lake, tayari kumwambia jina lake, awe wa kwanza kulisikia. Akainua macho.

"Mama, muda umefika. Anaitwa nani?"

Siwema aliuma mdomo. Kibibi aliangalia mikono yake. Sauda alisimama pale pale aliposimama. Mwantumu binti Kombo akafungua kinywa.

Basi hukumu ni yenu. Aliyemfikisha Maua ni yupi: yule aliyevunja sheria ili amchekeshe, yule aliyeizunguka ili ampe mama yake, au yule aliyeishika ili ampe Ijumaa ya kungoja? Msijibu haraka. Fikirini kwanza kwamba mmekaa juu ya mkeka ule, wale watatu wanawatazama, na jina mtakalolitamka mtaliita maisha yenu yote. Haya, ewe uliyekaa mwisho kabisa, anza wewe: ungelitamka jina la nani?